Ngazi ya Marlescote

Kanisa limebaki peke yake katikati ya malisho,
kondoo wamelizunguka kama waumini waliochelewa ibada.
Wageni huniuliza: nani alilijenga mbali hivi na watu?
Ninawajibu, ufunguo mkononi: hakuna aliyelijenga mbali.
Watu ndio waliosogezwa.

Mwaka wa elfu moja mia saba sabini na mmoja
Bwana Lucian Verrinder alifungua dirisha asubuhi,
akaona moshi wa mwoka mikate,
akaona shimizi za Keziah Lumb
zimeanikwa juu ya ua wa miiba,
akasema, mandhari yangu yana doa.

Doa lilikuwa nyumba thelathini na moja.

Akaletwa fundi wa bustani kutoka London
na karatasi zake na rangi za maji.
Palipokuwa na jiko akapaka kijani.
Palipokuwa na kisima akapaka ziwa, na bata wawili.
Watu wakabeba milango yao mgongoni maili moja na nusu
hadi huku bondeni, topeni,
upande ambao dirisha lile halioni.
Obadiah Stitch pekee alikataa.
Mke wangu kalala pale, alisema, sihami bila yeye.
Wakamwezulia paa naye anakunywa supu.
Ndivyo tunavyosimulia. Huenda haikuwa supu.

Wafu waliachwa. Wafu hawafui nguo,
hawawashi moto.

Jumba likanenepa: madirisha mia moja na manne,
na dari la plasta lililofinyangwa mananasi,
wakati bondeni hakuna aliyejua nanasi huliwa upande gani.
Kila tunda lililipiwa na sukari ya Antigua.
Nimepekua kuta zote za kanisa, kwa tochi na kwa vidole:
aliyekata miwa ile hana hata herufi moja.
Farasi wa bwana ana beti mbili za Kilatini.

Bibi yangu Dorcas aliingia kule akiwa na miaka kumi na minne.
Alifundishwa kugeukia ukuta bwana akipita,
ili bwana asisumbuliwe na uso.
Alizijua kuta, bibi yangu. Hadi uzeeni
angeweza kukuchorea kila ufa.
Vidato pia alivihesabu: thelathini na viwili
vya mwaloni, vipana, vya wao;
sabini na saba vyembamba, gizani, vya sisi na ndoo zetu.

Kisha vita, na watoto wa kiume watatu
(na tisa wa bondeni, jiwe lao ni dogo zaidi),
kisha kodi ya urithi, kisha wanajeshi waliochoma milango
kupasha chai, kisha kuvu ndani ya mihimili.
Mnada ulichukua siku nne.
Siku ya tano zikaja nyundo.

Baba alinunua mkokoteni mmoja wa matofali.
Banda letu la nguruwe lina nguzo mbili za Kigiriki.
Nanasi moja hushikilia mlango wa kuku usifungwe na upepo.
Na ile ngazi ya mwaloni, vidato vyote thelathini na viwili,
iko kwenye baa ya Jembe;
mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema,
na Jumamosi usiku walevi huipanda kwenda msalani
na kushuka kwa makalio.

Sikusema haya ili mcheke. Au ndiyo, kidogo.

Kiangazi kile cha ukame nyasi zilikufa,
na chini yake, kama mishipa mkononi,
zikajitokeza nyumba zetu: kuta, vichochoro, tanuri la mwoka mikate.
Hatua mia tatu kando yake, Jumba nalo,
mistari ya manjano, vyumba visivyo na dari.
Nilitembea na ramani ya kale hadi penye L-u-m-b.
Kizingiti kilikuwa kipana kama mikono yangu miwili.
Nilipangusa viatu, nikaingia.
Nilikaa jikoni mpaka jua likahamia mgongoni.

Ijumaa ikanyesha. Kondoo wakarudi.